Etiketi ya chupa si ushahidi

Bandugu, memwari ikiandika "kingamwili imeonyesha kipokezi D2 cha dopamini", tuulize: ilihakikishwa namna gani? Jibu la "etiketi inasema hivyo" halitoshi. Mwaka 2009, jarida la Naunyn-Schmiedeberg's Archives of Pharmacology lilionya kwamba kingamwili nyingi za kuuzwa za vipokezi vya aina hii zinashika hata protini zingine. Jaribio kali njo hili: panya asiye na jeni ya D2. Rangi ikitokea hata kwenye ubongo wake, kingamwili inadanganya.

Kwetu si mambo ya mbali. Katanga ina manganizi ya Kisenge, na vumbi la manganizi likizidi linaumiza ubongo. Siku tutapima madhara hayo Lubumbashi, bila jaribio kama hilo tusiandike "D2 imepungua".