Jinsi Kapteni Dyett alivyowapika wanamuziki

Gene Ammons alipuliza kwa utulivu, sauti nene iliyojaa chumba hata kwa noti moja. Johnny Griffin alimwaga noti kwa kasi ambayo wenzake wengi hawakuithubutu. Von Freeman aliigusa noti kwa pembeni, makusudi, mpaka msikilizaji mgeni akadhani saksafoni yake haikutuniwa. John Gilmore, aliyekaa na kiongozi wa bendi Sun Ra kwa miongo mingi, aliruka kutoka chini kabisa hadi juu kabisa bila kupita katikati. Eddie Harris akaichomeka saksafoni kwenye umeme.

Wote watano walikuwa wapulizaji wa saksafoni ya tenori. Wote walipita sekondari moja, DuSable, upande wa kusini wa jiji la Chicago, na wote walikaa mbele ya mwalimu mmoja wa bendi, Walter Henri Dyett. Mwalimu huyu hakuwa mpole hata kidogo. Wanafunzi wake wamesimulia miaka nenda miaka rudi jinsi alivyotukana, alivyofukuza watu mazoezini, alivyokazia jicho mpaka mtoto akatamani ardhi ipasuke ajifiche. Kwa kawaida mwalimu wa aina hiyo hutoa nakala: wanafunzi hupuliza alivyotaka yeye, na ukimsikia mmoja umewasikia wote. Chumba cha Dyett kilitoa watu wasiofanana hata kwa kuazima. Nadhani jibu limo katika kile alichokuwa mkali juu yake, na kile alichokiacha bila kukigusa.

Dyett alizaliwa mwaka 1901 huko St. Joseph, Missouri. Ala yake ilikuwa fidla, na aliwahi kuelekea udaktari kabla muziki haujamteka. Chicago ilimpa kazi katika okestra ya Erskine Tate kwenye ukumbi wa Vendome, enzi za sinema zisizo na sauti. Kazi hii ndiyo mzizi wa mengi yaliyofuata. Okestra ya sinema ilikaa chini ya jukwaa ikifuata picha: hapa machi, pale wimbo wa mapenzi, halafu kipande cha opera, kisha dansi. Filamu ikibadilishwa, karatasi zote zinabadilishwa. Hapakuwa na wiki mbili za kujifunza. Noti unawekewa mbele, taa inazimwa, unasoma. Asiyeweza kusoma papo hapo hakurudi kesho, hata angekuwa na kipaji kama cha malaika.

Mwaka 1927 sinema ilianza kusema, na ndani ya miaka michache okestra hizo zilikwisha. Wanamuziki wa kumbi walibaki na ufundi mkubwa usio na mnunuzi. Mwaka 1931 Dyett alikuwa tayari mwalimu katika sekondari ya Wendell Phillips, shule iliyokuwa na jina katika muziki tangu Meja N. Clark Smith alipoongoza bendi yake miaka ya 1920. Jengo jipya lilifunguliwa mwaka 1935, mwaka uliofuata likaitwa DuSable, na Dyett akaongoza muziki pale hadi 1962. Shahada ya kufundisha bendi aliipata mwaka 1938 kutoka chuo cha VanderCook, akiwa amekwisha kufundisha kwa miaka. Alikuja na ukumbi wa Vendome kichwani, vyeti vikamfuata nyuma.

Cheo cha ukapteni nacho kilikuwa cha kweli. Alikipata kwa kuongoza bendi ya Kikosi cha Nane cha jeshi la akiba la Illinois, kikosi cha Wamarekani weusi. Msomaji wa pwani atakumbuka beni za Lamu na Mombasa, ambako wachezaji walijitwalia vyeo vya kijeshi kwa mbwembwe. Kwa Dyett gwanda halikuwa la maonyesho, na nidhamu iliyokuja nalo haikuwa ya maonyesho pia.

Basi alifanyaje kazi? Anza na ugawaji wa ala, kwa sababu hapo ndipo waalimu wengi wa bendi hukosea mapema. Griffin alimsikia Ammons akipuliza kwenye dansi ya wahitimu, akaamua siku hiyohiyo kwamba naye atapuliza saksafoni ya tenori. Alipofika kwa Dyett akapewa klarineti. Baadaye akapuliza na obo. Kwa kijana mwenye hamu huo ni ukatili, lakini kifundi una hoja nzito.

Klarineti ni bomba lenye upana sawa kutoka juu hadi karibu na mwisho wake. Ukibonyeza kitufe cha kupandisha sauti, hairuki okteva moja kama ala nyingine. Inaruka hadi noti ya kumi na mbili ya skeli. Maana yake vidole vilevile, katika mkao uleule, vinatoa noti zenye majina tofauti chini na juu. Mwanafunzi hulazimika kubeba ramani mbili kichwani. Saksafoni ni bomba linalotanuka, nayo huruka okteva moja: ramani moja inatosha. Tena klarineti ina matundu yaliyo wazi, yanayozibwa na nyama ya kidole chenyewe, na kidole kikikaa vibaya hata kidogo ala inapiga ukelele mbele ya bendi nzima. Saksafoni ina vifuniko, inasamehe. Aliyetoka kwenye klarineti akapewa saksafoni huona kama amevuliwa mzigo. Aliyeanza na saksafoni akipelekwa kwenye klarineti hupata taabu upya. Obo nayo ina mianzi miwili inayopitisha hewa kiduchu kwa shinikizo kubwa, na inafundisha kubana pumzi na kuitoa kwa hesabu. Ukisikiliza misemo mirefu ya Griffin, isiyokatika pale ambapo mtu wa kawaida angetafuta hewa, hutashangaa mno ukijua alikotoka.

Kulikuwa na sababu ya pili, ya mkate. Katika bendi kubwa za wakati ule mpulizaji wa saksafoni alitarajiwa kushika klarineti katikati ya wimbo. Mwenye ala moja aliajiriwa baada ya mwenye mbili. Griffin alimaliza shule mwaka 1945, na siku chache tu baadaye, akiwa na miaka kumi na saba, aliingia bendi ya Lionel Hampton. Aliingia akiwa mtu wa alto, akatakiwa kushika tenori, akashika. Hampton mwenyewe alipata malezi yake ya muziki Chicago, katika bendi ya watoto wauza magazeti ya Chicago Defender, chini ya yule yule Meja Smith. Mwajiri na mwajiriwa walikuwa wamelelewa katika desturi moja ya bendi.

Jambo la pili ni sikio. Wanafunzi wa Dyett wanakubaliana kwamba angeweza kusimamisha bendi ya watu mia na kumtaja aliyekosea noti. Wengi wanalisimulia kama muujiza. Mimi naliona kama kazi inayoelezeka, ingawa si rahisi. Kiongozi wa bendi mwenye kuijua karatasi yake haisikilizi bendi kama ukuta mmoja. Anasikia ngazi: besi chini, kisha trombone, kisha honi, na klarineti juu. Kila mlio wa pamoja ana picha yake kabla haujapigwa, kwa hiyo kosa halimjii kama kelele. Linamjia kama kitu kilichoondoka mahali pake. Akishajua ni noti gani imekosewa, ameshajua pia ni safu ipi iliyoandikiwa noti hiyo. Zinabaki nyuso chache za kuangalia, na mtoto aliyekosea mara nyingi hujitangaza mwenyewe kwa macho.

Tuni nayo ina hesabu yake. Ala mbili zikipuliza noti moja, moja kwenye mitetemo 440 kwa sekunde na nyingine 442, utasikia sauti ikipwita mara mbili kila sekunde. Sikio lililozoea husikia ule mpwito kabla ya kusikia noti. Ongeza hapo baridi ya Chicago: ala iliyobebwa nje mwezi Januari huingia ndani ikiwa chini, kwa sababu hewa iliyo ndani yake imepoa, kisha hupanda kadiri inavyopata joto. Bendi iliyotuniwa mwanzoni mwa kipindi haiko sawa nusu saa baadaye. Mwalimu asiyejua hili huwagombeza watoto kwa kosa la hali ya hewa. Anayejua huwafundisha kusikilizana muda wote.

Narudi kwa Von Freeman. Mtu aliyefunzwa kutuni namna hiyo, chini ya sikio lile, akiamua kupuliza juu kidogo au chini kidogo ya noti, hakosei. Anajua umbali aliouacha. Wapo waliomsikia wakasema hana shule. Ukweli ni kwamba alikuwa na shule nyingi kuliko wao.

Jambo la tatu, na kwangu ndilo kubwa, ni kwamba Dyett hakuwa na bendi moja. Alikuwa na ngazi. Palikuwa na bendi ya wanaoanza, bendi ya matamasha, na juu kabisa bendi ya dansi iliyopiga kama watu wazima, mbele ya watu wazima. Kila mwaka palikuwa na onyesho kubwa lililoitwa Hi-Jinks, la nyimbo, dansi na vichekesho, likipigiwa muziki na wanafunzi wenyewe. Watu walinunua tiketi, na mapato yakasaidia kununua ala na sare ambazo bajeti ya shule haikuzifikia.

Hebu fikiria onyesho la namna hii linamfanyia nini mtoto wa miaka kumi na sita. Mwimbaji amebadilisha ufunguo wa wimbo jana jioni, kwa hiyo karatasi ni mpya. Mchekeshaji amerefusha kipande chake, bendi inazunguka ileile mistari minane hadi ipewe ishara. Mcheza dansi anataka mdundo uongezeke pale, upungue hapa. Hii ni Vendome tupu, imehamishiwa kwenye ukumbi wa shule. Dyett alikuwa ameona kazi ile ikifa, akaijenga upya kama darasa. Ndiyo maana wahitimu wake walipokwenda kwenye bendi za kusafiri hawakuhitaji kufundwa: walikuwa wamekwisha kufanya kazi ile mbele ya watu waliolipa.

Kuhusu mtindo hakuwa na amri. Alidai uje kwa wakati, usome, utuni, ukae sawa, uchanganye sauti yako na ya jirani. Ukishayatimiza hayo, sauti yako ya pekee ilikuwa mali yako. Uhuru huo ulifika mbali kuliko jazi aliyoizoea yeye. Joseph Jarman alijifunza ngoma kwake, Leroy Jenkins alijifunza ala za kupuliza kabla ya kurudi kwenye fidla, na wote wawili waliishia katika chama cha wanamuziki wabunifu, AACM, kilichoanzishwa Chicago mwaka 1965, ambako muziki ulivunjwa na kuundwa upya. Katika Arkestra, bendi ya Sun Ra, hukumkuta Gilmore peke yake. Pat Patrick, Julian Priester na Ronnie Boykins nao walitoka DuSable. Muziki wa Sun Ra ulisikika kama fujo kwa wengi, lakini uliandikwa, na ulihitaji watu wanaosoma.

Ni lazima niseme na upande mwingine. Hadithi za ukali huu tunazipata kwa walioufaidi. Aliyefukuzwa mazoezini akarudi akiwa amejifunza somo lake huhojiwa na waandishi. Aliyefukuzwa asirudi tena hahojiwi na mtu. Wanafunzi wengi mno walipita chumba kile katika miaka thelathini, na sehemu kubwa yao hawakuwa wanamuziki. Hata waliokuwa wanamuziki hawakumaliza wote: mwimbaji Nat King Cole, aliyepita kwa Dyett, aliacha shule mapema. Tena wingi wa vipaji katika jengo moja haukuwa kazi ya mwalimu peke yake. Mikataba ya nyumba iliwazuia weusi kuishi nje ya eneo lao, na ilikuwa mwaka 1948 tu ndipo Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kwamba mahakama zisiitekeleze. Mtoto wa daktari na mtoto wa kibarua walisoma dawati moja kwa sababu baba zao walikatazwa kuhamia pengine. Dyett alikitumia vizuri kitu ambacho hakikupaswa kuwapo.

Hata hivyo, kuna ushahidi mmoja nisioweza kuupita. Richard Davis alikuwa kijana mwenye haya aliyechagua besi kwa sababu hukaa nyuma. Akafanya kazi chini ya mtunzi Stravinsky, akapiga kwenye albamu ya mwimbaji Van Morrison, Astral Weeks, ya mwaka 1968, na mwaka 1977 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison. Okestra ya Stravinsky hudai usome kilichoandikwa, na kipindi cha kurekodi cha Van Morrison hudai ubuni kisichoandikwa. Mtu yuleyule alifaa kote kuwili.

Dyett alifariki mwaka 1969. Miaka mitatu kabla yake, chama cha wanamuziki weusi cha Chicago, Local 208, kilichokuwapo tangu 1902, kiliunganishwa na kile cha weupe. Muungano ulikuwa wa haki, lakini pamoja na kufifia kwa kumbi za upande wa kusini ulimaanisha kwamba njia fupi kutoka chumba cha bendi hadi kwenye ajira ilipotea. Jina lake likapewa shule nyingine. Mwaka 2015, ilipofungwa, wazazi na wanaharakati waligoma kula kwa siku 34, na mwaka 2016 ikafunguliwa tena kama shule ya sanaa. Inaweza kuajiri waalimu wa muziki na kununua klarineti. Mwajiri kama Lionel Hampton, wa kumchukua kijana siku chache baada ya mahafali, hayumo katika uwezo wake.