Fundi wa Maneno katika Mji wa Mawe

Kijana mfupi anafika kazini siku ya kwanza, mahali pa kuoshea magari. Bosi anamwambia asisahau kuigonga saa, yaani aingize kadi yake kwenye ile mashine inayoandika muda wa mfanyakazi kuingia, kisha anampachika jina la kumcheka kimo chake. Kijana anasimama. Anaitazama saa. Anaikunjia ngumi na kuigonga kweli, mpaka inavunjika, halafu anatoka zake kuwarudia wenzake waliomsindikiza. Kazi imekwisha kabla haijaanza.

Tukio hilo ni fupi mno, na nimelirudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa sababu kila nikilitazama naona limejengwa kwa kitu kimoja tu: kitenzi. Mwajiri anakitumia kama kila mtu anavyokitumia, bila kufikiri. Kijana anakichukua kama kilivyo na kukitimiza neno kwa neno. Hapana hotuba kuhusu heshima ya mfanyakazi, wala machozi, wala muziki wa kutuambia tuhisi nini. Tunacheka, na kicheko kikipoa tunabaki na picha ya kijana asiye na senti aliyekataa kudharauliwa.

Filamu inaitwa Breaking Away, ilitoka mwaka 1979, na mwongozaji wake ni Mwingereza Peter Yates. Inasimulia marafiki wanne wa Bloomington, mji wa jimbo la Indiana, Marekani. Wamemaliza sekondari mwaka mmoja uliopita. Chuo hawakwenda, kazi hawana, na siku zao wanazimalizia kwenye machimbo ya zamani yaliyojaa maji, wakijirusha kutoka kwenye kingo za mawe na kuota jua. Mike, anayechezwa na Dennis Quaid, ndiye mwenye hasira. Cyril, anayechezwa na Daniel Stern, ni mrefu na kila jambo analigeuza utani. Moocher, anayechezwa na Jackie Earle Haley, ndiye yule mvunja saa. Na Dave, anayechezwa na Dennis Christopher, anaipenda baiskeli na anaipenda Italia kiasi cha kuongea nyumbani kwa lafudhi ya Kiitaliano, ingawa amezaliwa na kukulia papo hapo.

Hapa ninayetaka kumtazama kwa makini ni mwandishi wa mswada, Steve Tesich. Alizaliwa mwaka 1942 Užice, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Yugoslavia, akafika Marekani akiwa na miaka 14. Kiingereza alijifunza akiwa kijana tayari, na mimi naamini ndipo ulipo mzizi wa ufundi wake. Aliyezaliwa ndani ya lugha huyapita maneno kama apitavyo mlango wa nyumba yake. Aliyeingia lugha ya watu ukubwani huona bawaba, huona kitasa, huona mahali mbao zilipoungana. Ni mtu wa namna hiyo anayeweza kusikia kwamba kuigonga saa ni kitendo cha ngumi.

Tesich alisoma Chuo Kikuu cha Indiana, hapo hapo Bloomington. Mwaka 1962 alikuwa katika timu iliyoshinda Little 500, mashindano ya baiskeli ya chuo hicho. Kila timu ina waendeshaji wanne, wanapokezana baiskeli na kuzunguka uwanja mara 200. Mwaka huo mwenzake mmoja, Dave Blase, aliendesha peke yake mizunguko 139, na Blase ndiye aliyempa Tesich mbegu ya Dave wa filamu. Tesich alikuwa na visa viwili mkononi, kimoja cha mwendesha baiskeli na kingine cha vijana wa machimboni, na Yates akashauri viunganishwe. Mara nyingi visa viwili vikishonwa pamoja mshono huonekana: nusu ya filamu inakwenda huku, nusu kule. Nimeutafuta mshono wa Breaking Away kwa muda mrefu. Nadhani umefichwa ndani ya mtu mmoja, naye ni baba.

Ray, baba yake Dave, anachezwa na Paul Dooley. Kwa muda mrefu tunapewa mzee wa kuchekwa tu. Anauza magari yaliyotumika, mabovu kwa wingi, na neno linalomtia homa ni mteja kudai arudishiwe pesa. Mwanawe amembadilisha paka jina, sasa anaitwa Fellini. Mezani vyakula vyote vimeanza kuishia na -ini, na Ray anakataa, anataka chakula cha Kimarekani, anataka viazi vya kukaanga. Ila kwa Kiingereza cha kwao viazi hivyo vinaitwa vya Kifaransa. Utani huo unapita upesi, na Tesich hausimamishi ili tuukague. Dave anapomwita kwa neno la Kiitaliano, papa, mzee anafoka kwamba yeye si papa bali ni baba yake.

Kisha, filamu ikielekea mwisho, baba na mwana wanatembea usiku kwenye viwanja vya chuo. Na huyu mzee tuliyemcheka anaanza kusema polepole habari za ujana wake machimboni. Alikata mawe yaliyojenga majengo haya, na alijivunia kazi yake. Lakini majengo yalipokamilika likatokea jambo asiloweza kulieleza vizuri: yalionekana mazuri mno kwa watu kama wao, na waliokata mawe wakaona haya kuyakaribia. Mawe ya chokaa ya Indiana yamesafiri mbali, hata Empire State Building ya New York imevikwa mawe hayo, ila Ray anazungumzia umbali wa hatua chache, kutoka alipokata jiwe mpaka kwenye ngazi ambayo hakuwahi kuipanda kama mwanafunzi.

Naomba msomaji akae kidogo kwenye tukio hili. Tesich angeweza kumpa maneno hayo Mike, kijana mwenye hasira na ulimi mkali, yakawa malalamiko. Angeweza kuyaweka mwanzoni, tukayasahau. Ameyaweka kinywani mwa mtu ambaye tumekwisha kumzoea kwa vituko, na amesubiri hadi mwanawe aumizwe kwanza. Waitaliano aliowaabudu walikuja kushindana, naye alipowafikia na kwenda nao sambamba, mmoja wao akamchomekea pampu kwenye gurudumu akaanguka. Dave analia kifuani mwa baba yake kwa sababu amegundua kwamba watu wanadanganya. Na baba anayemkumbatia ni muuza magari mabovu. Hakuna anayetukumbusha hilo. Mswada unatuamini kwamba tunakumbuka.

Neno wanalotukanwa nalo vijana hawa na wanachuo ni wakata mawe. Ubaya wake ni kwamba hawajakata hata jiwe moja. Machimbo yamewaachia baba zao kumbukumbu, yamewaachia watoto jina la dharau na maji ya kuogelea. Timu yao inapoingia Little 500, neno hilo hilo ndilo wanaloliandika kifuani. Mswada hauelezi kwa nini. Fulana zinavaliwa, basi.

Yates naye anastahili sifa yake. Miaka kumi na moja kabla alikuwa ametengeneza Bullitt, filamu ya mwaka 1968 inayokumbukwa kwa magari yanayofukuzana katika vilima vya San Francisco. Hapa ameitumia elimu hiyo ya mwendo kwa baiskeli moja na lori. Dave yuko barabara kuu, amejificha nyuma ya lori linalomkinga upepo, muziki wa Mendelssohn unapanda, na dereva anamwonyesha kwa vidole mwendo waliofikia, mpaka maili 60 kwa saa. Hawajuani, hawatajuana, na hawasemi neno. Mhariri, Cynthia Scheider, anayakata mashindano ya mwisho kwa subira ileile: tunaona nyuso za wale watatu ambao hawakutarajia kuendesha kabisa, Dave ameumia, baiskeli inasubiri mtu, na sekunde zinapita huku wakitazamana. Baadaye Dave anafungwa miguu kwenye pedali kwa utepe ili arudi uwanjani.

Wanachuo kwa upande wao wamechongwa kijuujuu. Rod na wenzake ni kiburi tupu, na Katherine, msichana ambaye Dave anamlaghai kwa Kiitaliano chake, alistahili matukio zaidi ya kofi analompiga ukweli unapofichuka. Mkono uliomchonga Ray ungeweza kufanya zaidi hapo.

Lakini mtazame mama, Evelyn, anayechezwa na Barbara Barrie. Muda wake kwenye filamu ni mchache. Siku moja anamwonyesha mwanawe pasi ya kusafiria anayotembea nayo mkobani. Hajasafiri popote. Anaibeba tu. Tukio linaishia hapo. Mwandishi mwingine angempeleka mama huyo Roma kabla ya mwisho. Tesich amemwachia pasi yake, na sisi tunatoka tukijua ndoto za Dave zilirithiwa kwa nani. Barrie aliteuliwa kuwania Oscar kwa uigizaji huo. Filamu nzima iliteuliwa katika vipengele vitano, na iliyoshinda ni kazi ya mswada.

Mashindano yanapokwisha tunadhani hadithi imekwisha pia. Bado. Dave amejiandikisha chuoni, kwenye majengo yale yale ya baba yake, na amekutana na msichana mgeni anayeuliza njia. Ray sasa anaendesha baiskeli kwa ajili ya afya ya moyo wake, jambo ambalo mwaka mmoja kabla lisingewezekana kufikirika. Wanapishana barabarani. Dave anamsalimu kwa sauti kubwa, na salamu ni ya Kifaransa, kwa sababu msichana ametoka Ufaransa, na inamaliziwa na neno lile lile papa alilokatazwa. Baba anageuza shingo na kukodoa macho, baiskeli ikiendelea kwenda mbele.