Uso Uliofichwa na Uso Uliochorwa: Hamu ya Ujana wa Ushabiki katika *Otaku no Video*

Utangulizi

Tawasifu huhusishwa na umri. Msomaji wa Kiswahili amezoea kumwona mtunzi akigeuka kuitazama njia aliyoipita baada ya kula chumvi nyingi, kama afanyavyo Shaaban Robert katika *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini*, ambamo umri umetajwa hata katika anwani. *Otaku no Video*, filamu ya katuni ya sehemu mbili iliyotolewa na kampuni ya Gainax nchini Japani mnamo Septemba na Desemba 1991, inaikiuka kaida hiyo. Inauomboleza ujana wa mashabiki wa katuni za Kijapani, yaani anime, kana kwamba ni zama zilizotoweka kitambo. Ilhali hadithi yake inaanzia mwaka 1982, miaka tisa tu kabla ya kutolewa kwake. Toshio Okada, mtunzi wa mswada, alizaliwa mwaka 1958. Alikuwa bado kijana alipoanza kuukumbuka ujana.

Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha hamu hiyo iliyokuja mapema mno, na kuonyesha jinsi ilivyoliathiri umbo la kazi yenyewe. Hoja inayotetewa ni kwamba katika kazi hii kweli na ubunilizi vimebadilishana mavazi: sehemu inayojidai kuwa ushahidi ni ya kubuni, na ile inayojitokeza kama ngano ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya watunzi. Asiyelitambua hilo ataipokea kama kichekesho tu, na aibu iliyomo ndani ya kicheko itampita.

Usuli wa aibu

Kizazi kinachosimuliwa kilikulia mbele ya televisheni. *Uchu Senkan Yamato* ilianza kuonyeshwa mwaka 1974, na *Kido Senshi Gundam* mwaka 1979. Mashine ya kurekodi video ilipoingia majumbani, uhusiano wa mtazamaji na kipindi ulibadilika kabisa. Awali, kipindi kilichopita kilikuwa kimepita. Sasa kiliweza kuhifadhiwa, kurudishwa nyuma, kusimamishwa, na kuchunguzwa picha baada ya picha. Shabiki akawa mhifadhi wa nyaraka za utoto wake mwenyewe.

Neno *otaku* asili yake ni namna ya heshima ya kusema ‘nyumba yako’, na hutumiwa pia kumwita mtu ‘wewe’ kwa adabu yenye kuweka umbali. Baadhi ya mashabiki walikuwa wakiitana hivyo. Mwaka 1983 mwandishi Akio Nakamori aliligeuza kuwa jina la kejeli la kundi zima katika safu yake ya jarida la *Manga Burikko*. Pigo kubwa lilikuja mwaka 1989, alipokamatwa kijana aliyewaua watoto wanne wa kike. Vyombo vya habari vilisambaza picha za chumba chake kilichosheheni kanda za video, naye akatangazwa kuwa ni otaku. Tangu siku hizo chumba chochote chenye kanda nyingi kilitazamwa kwa jicho la polisi.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la umri. Hamu ya yaliyopita haitegemei wingi wa miaka peke yake. Mpasuko waweza kuizaa mapema. Mashabiki wa 1991 walikuwa na miaka ya makumi mawili na matatu, lakini utoto wao ulikuwa umekwisha kupewa maana mpya na watu wengine. Kukumbuka kukawa ni kujitetea.

Ngano iliyo karibu na kweli

Sehemu zilizochorwa zinasimulia maisha ya Ken Kubo, mwanafunzi wa chuo kikuu, mchezaji wa tenisi mwenye mchumba aitwaye Yoshiko. Mwaka 1982 anakutana na Tanaka, rafikiye wa shule ya upili, ambaye anamwingiza katika kundi la mashabiki. Kubo anazama. Anaacha tenisi na kupuuza sura yake, na Yoshiko anamwacha. Kwa uchungu huo anaapa kuwa mfalme wa otaku wote. Pamoja na Tanaka anaanzisha kampuni ya kuuza vinyago vya wahusika, ambavyo mnunuzi huviunganisha na kuvipaka rangi mwenyewe. Kampuni inakua, ananyang’anywa, anaanza upya, anatengeneza katuni iitwayo *Misty May*, na hatimaye anajenga bustani kubwa ya burudani, Otakuland.

Kwa mtazamo wa kwanza hii ni njozi ya kujifariji. Lakini kampuni ya Kubo inaitwa Grand Prix, na herufi zake za mwanzo ni zile zile za General Products, duka ambalo Okada na Yasuhiro Takeda walilifungua Osaka mwaka 1982, na ambalo liliuza vinyago vya aina hiyo hiyo. Kundi la wanafunzi na mashabiki waliolizunguka ndilo lililochora filamu fupi za kufungulia makongamano ya fasihi ya kisayansi ya Osaka, Daicon III mwaka 1981 na Daicon IV mwaka 1983. Miongoni mwao walikuwamo Hideaki Anno, Hiroyuki Yamaga na Takami Akai. Kutokana na kundi hilo Gainax iliundwa mwishoni mwa mwaka 1984, na filamu yake ndefu ya kwanza, *Oneamisu no Tsubasa*, ilitoka mwaka 1987. Mashabiki walikuwa wamegeuka watengenezaji. Chumvi iliyotiwa katika hadithi ya Kubo ni nyingi, lakini imetiwa katika chakula kilichopikwa kweli.

Ushahidi wa kubuni

Hadithi hiyo inakatizwa mara kwa mara na mahojiano ya watu halisi mbele ya kamera. Nyuso zao zimefunikwa kwa vijiraba na sauti zao zimebadilishwa, kama vile ni mashahidi wanaohofia usalama wao. Mmoja anarekodi vipindi vya televisheni ili abadilishane na wenzake, lakini hajakitazama hata kimoja. Mwingine ameiba michoro asilia ya filamu. Mmarekani mmoja anasifu utamaduni wa Kijapani, na sauti ya mtafsiri inamfunika. Mwenye kujua lugha zote mbili akitega sikio atagundua kwamba anayoyasema si yale yanayotafsiriwa.

Mbinu hii imebeba uzito wa kazi nzima. Mahojiano ni ya kubuni, na wengi wa wahojiwa walikuwa watu wa Gainax au wenye uhusiano nayo. Watunzi walikaa katika kiti ambacho jamii ilikuwa imewaandalia, wakajifunika nyuso, na kuungama makosa waliyotarajiwa kuyaungama. Kejeli inaelekea pande mbili. Upande mmoja inaufichua uandishi wa habari uliokuwa umeamua hukumu kabla ya kumsikiliza mshtakiwa, na tafsiri isiyolingana na maneno ya Mmarekani ni mfano wake bora. Upande wa pili inawakata watunzi wenyewe, kwani mtu anayehifadhi asichokitazama hakubuniwa na adui. Ni shabiki anayemjua vizuri shabiki mwenzake ndiye awezaye kumchora hivyo. Kanda zilizokusudiwa kuhifadhi furaha zimeichukua nafasi ya furaha yenyewe.

Yafaa kuangalia ni wapi uso unaonekana. Kubo, ambaye hakuwahi kuishi, ana uso ulio wazi, wenye machozi na kicheko. Watu wenye damu na nyama ndio waliofutwa. Mtazamaji anaweza kudai kwamba mpangilio huu ni mzaha tu wa kuiga vipindi vya uchunguzi. Dai hilo lina ukweli wake, lakini halielezi kwa nini sehemu hizi mbili hazikutanishwi kamwe. Hakuna mhojiwa anayemtaja Kubo, wala Kubo hamjui mhojiwa yeyote. Furaha imepewa mchoro, aibu imepewa kamera, na mtazamaji ameachiwa kazi ya kutambua kuwa zote mbili ni za mtu mmoja.

Walioachwa nje

Udhaifu wa kazi hii umo katika kile inachokisahau. Wanaohojiwa ni wanaume. Misuzu, msichana mchoraji, yupo kama msaidizi wa ndoto ya Kubo, na Yoshiko yupo ili aondoke. Historia inasema vingine. Soko la majarida ya mashabiki la Comiket lilipoanza Tokyo mnamo Desemba 1975, wengi wa waliohudhuria walikuwa wasichana, wapenzi wa katuni za kusomwa zilizoandikwa kwa ajili yao. Nao pia walikua, wakakumbuka, na huenda wakaona haya. Kumbukumbu inayojitetea dhidi ya dhuluma moja imetenda nyingine: imemrithisha mvulana peke yake utoto ambao ulikuwa wa wengi.

Hatima ya hadithi inauzidisha udhaifu huo. Miaka mingi baadaye Kubo na Tanaka, wakiwa wazee, wanarudi Otakuland katika Japani iliyofunikwa na maji. Wanakuta kwamba roboti kubwa ya bustani ni chombo cha anga, na marafiki wa zamani wamo ndani. Wanarudishiwa ujana wao na kupaa kuitafuta sayari ya otaku. Ujana umerudi bila hesabu kudaiwa: tenisi iliyoachwa, mchumba aliyeumizwa na kampuni iliyopotea havina nafasi tena. Mahojiano yalikuwa yameuliza kwa ukali ushabiki uligharimu nini. Mchoro unapaa kabla ya kujibu.

Hitimisho

Okada aliondoka Gainax mwaka 1992. Anno alianzisha kampuni yake, Khara, mwaka 2006, na waliokuwa nguzo za Gainax waliendelea kutawanyika. Mnamo Mei 2024 Gainax iliwasilisha ombi la kufilisika katika mahakama ya Tokyo. Mtazamaji wa leo anapoziona nguzo za Otakuland zikitokeza majini, anaona pia jambo ambalo watunzi hawakulijua: maji yangeifikia nyumba yao pia, na hakuna chombo ambacho kingewangojea.

Hata hivyo thamani ya *Otaku no Video* haikutokana na utabiri. Imetokana na uamuzi wa kuziweka sauti mbili za mtu mmoja kando kwa kando, ile inayoringa na ile inayojificha, bila kuziruhusu zipatane. Mtafiti wa tawasifu ana la kujifunza hapa. Pale ambapo jamii imekwisha kuuhukumu utoto wa msimulizi, kauli ya ‘mimi’ iliyo wazi huwa ngumu kutamkwa, na ukweli hutafuta njia nyingine za kupitia. Katika kazi hii ulipitia kwa mhusika wa katuni. Na mhakiki anayetafuta kumbukumbu za kweli katika mahojiano peke yake atakuwa amewasikiliza mashahidi wasiofaa.