Korongo wa nyuzi: kichwa amekipatia, kadi hapana

Mwanafunzi mwenzetu hapa Dodoma anauza mdoli wa korongo taji aliomfuma kwa kroshia. Tumboni kajaza sufi, miguuni kapitisha waya. Mikono iliyozoea vitambaa vya makochi inaonekana: mishono imekaza, ukivuta shingo hakitoki kitu.

Kichwa kiukweli amekipatia. Kishungi cha dhahabu kimesimama, paji jeusi, shavu jeupe, hadi kile kinyama chekundu cha kooni. Alipoteleza ni mguuni. Korongo taji ana kidole kirefu cha nyuma, ndiyo maana anaweza kushika tawi na kulala mtini. Katika familia yake yenye aina 15, wanaoweza hivyo ni yeye na korongo taji mweusi tu. Huyu wa nyuzi ana vidole vya mbele pekee.

Hilo linarekebishika kwa dakika kumi. Shida kubwa ni kadi aliyoning'inizwa shingoni: "Nichukue, niwe rafiki wa nyumbani kwako."

Sasa hapo ndipo penye kidonda. Mwaka 2012 IUCN ilimweka ndege huyu kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Ardhi oevu anamozalia inapungua, sawa, lakini pia watu humkamata akiwa hai ili awe pambo la bustani. Nchini Rwanda, daktari wa mifugo Olivier Nsengimana alianza mwaka 2014 kazi ya kuwatoa korongo majumbani na hotelini na kuwarudisha Hifadhi ya Akagera. Wengine mabawa yalishaharibiwa, hawawezi kuruka tena. Hao wanatunzwa Kigali. Yaani uzuri wake ndio unaomponza, na waliomfunga wengi walimpenda.

Utasema mtoto hawezi kwenda kukamata ndege kwa sababu ya kadi. Kweli. Ila mdoli ndiyo somo la kwanza la mtoto kuhusu mnyama asiyewahi kumwona, na somo hili linamwambia kwamba mahali pa korongo ni sebuleni.

Ushauri wetu kwa mfumaji: ongeza kidole cha nyuma, fuma na kiota cha majani chenye mayai mawili, kisha badilisha maneno. "Kwetu ni kwenye majani ya bwawa" yanatosha. Mtoto wa Bahi, anayeyaona maji ya msimu kila masika, ataelewa bila kufafanuliwa.

Ukimkuta sokoni, mnunue. Kadi itoe kwanza.