Kosa la Tsutaya katika Mwezi wa Saba

Mwezi wa tano wa mwaka 1794, kwa kalenda ya Edo ya zama zile, mchapishaji Tsutaya Juzaburo alizitoa taswira 28 za waigizaji wa kabuki zilizochorwa na Sharaku, vichwa vikubwa juu ya ulanga mweusi. Na ulipoingia mwezi wa saba, badala ya kuushika uzi uleule, aliviacha vichwa na kumhamishia msanii wake kwenye miili mizima, aghalabu katika karatasi nyembamba za hosobani. Nimekwisha kusema, na leo narejea kusema, kwamba uamuzi ule ulikuwa kosa tupu. Wala lawama simpi mchoraji, kwa kuwa katika biashara ile mchapishaji ndiye aliyetoa mtaji, akawaajiri wachongaji wa vibao na wapiga chapa, na akakadiria kipimo cha karatasi.

Mtazameni mwigizaji Otani Oniji III akiwa Edobei: uso umesukumwa mbele, taya limekazwa, macho yamevutwa kuelekea puani, na viganja, vidogo kuliko ada ya maumbile, vimechomoza kifuani mwa vazi hali vidole vimetanuka, na ule ulanga wa nyuma, kwa kuwa hauna mti wala nyumba wala pazia, haumwachii mtazamaji pa kukimbilia, hata jicho halina budi kuurudia uso. Kisha mchukueni Oniji huyohuyo wa mwezi wa saba, akiwa Kawashima Jibugoro: amesimama mzima, nguo zimeimeza nafasi, na uso, ambao ndio uliokuwa hazina yote ya Sharaku, umeachiwa pembe ndogo ya karatasi yenye upana wa sentimita 15 hivi. Mstari uliokuwa ukifichua hila ya mtu sasa umetumwa kueleza mkunjo wa vazi.

Atatokea wa kunijibu kwamba hosobani ndicho kilichokuwa kipimo cha mapokeo. Naam, illa kilikuwa milki ya mchoraji Katsukawa Shunsho, ambaye, pamoja na Ippitsusai Buncho, katika kile kitabu chao cha mapepeo cha mwaka 1770, aliwazoeza watu wa Edo kumtambua mwigizaji kwa sura yake mwenyewe; na Shunsho alijua kuusimamisha mwili katika wembamba ule hata uzito wa mguu mmoja ukatoa habari ya tabia. Sharaku hakujaaliwa kipawa hicho, wala hakukihitaji. Fauka ya hayo, uwanja wa miili mizima ulikuwa umekwisha kukaliwa mwaka huohuo na mchoraji Toyokuni, kwa mfululizo aliochapishiwa na Izumiya Ichibei, na kumpeleka Sharaku huko ni kumpokonya nahodha usukani ukampa kasia.

Wachongaji na wapiga chapa sina neno nao. Kazi yao ni safi.

Ama wenzetu wanaoshinda wakibishana iwapo Sharaku alikuwa Saito Jurobei, mwigizaji wa Noo aliyemtumikia mtawala wa Awa, au mtu mwingine, wangetufanyia hisani lau wangezitazama karatasi zenyewe, kwani kosa limo humo dhahiri: mwezi wa kumi na moja vichwa vilirejeshwa, walakini katika karatasi ndogo kuliko zile za kwanza, pasipo ulanga, nyuma yake manjano tu, na juu yake yameandikwa majina ya nyumba za waigizaji, kana kwamba uso uliochorwa na mkono ule ulihitaji kuandikiwa jina.