Ndoa ya Ike na Tina Turner katika Filamu: Watazamaji Wanabishania Nini?

Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Filamu ya wasifu, hata hivyo, hutualika tuwahesabu kunguni wa vitanda vya watu mashuhuri, na tukimaliza kuhesabu kila mmoja wetu huja na idadi yake. Katika makala haya tunaijadili filamu ya Kimarekani ya mwaka 1993, What's Love Got to Do with It, inayosimulia ndoa ya wanamuziki Ike na Tina Turner. Tumeichagua kwa sababu ubishi juu yake haujaisha, ingawa Ike alifariki mwaka 2007 na Tina mwaka 2023, na kwa sababu ubishi huo una mafunzo kwetu sisi tunaofundisha lugha na uhakiki.

Kwa muhtasari, msichana Anna Mae Bullock, aliyekulia Nutbush, Tennessee, anajiunga na bendi ya Ike, anapewa jina la Tina Turner, anaolewa, anapata sifa na kipigo kwa pamoja, na mwaka 1976 anamkimbia mumewe mjini Dallas akiwa na senti 36 tu. Brian Gibson aliiongoza filamu hiyo. Angela Bassett na Laurence Fishburne, walioigiza wahusika wakuu, wote wawili waliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Watazamaji wake wanaweza kugawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza huiona filamu kama ushahidi. Kwao, kila kofi linaloonekana lilipigwa hivyo hivyo, na uzito wa filamu uko katika kumpa sauti mwanamke aliyenyamaza miaka mingi. Hoja yao ina msingi. Tina alikuwa amekwisha kuyaeleza mateso yake katika mahojiano ya mwaka 1981, kisha katika tawasifu yake, I, Tina, ya mwaka 1986, ambayo ndiyo chimbuko la filamu.

Kundi la pili hulalamika kwamba Ike ameonewa. Wanakumbusha kuwa mtu huyu ndiye aliyeongoza bendi iliyorekodi "Rocket 88" mwaka 1951, wimbo unaotajwa mara nyingi miongoni mwa rekodi za mwanzo kabisa za muziki wa roki. Mtazamaji asiyeijua historia hiyo hutoka akidhani Ike hakuwa na kipaji ila cha ngumi. Nalo hili lina ukweli wake. Lakini Ike mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1999 kujitetea, alikiri kuwa aliwahi kumpiga mkewe. Alichokipinga ni kiasi na namna. Kwa hiyo anayesema "filamu imetia chumvi" hajasema kwamba chakula hakikuwapo.

Kundi la tatu ndilo linalotusumbua zaidi: wale wanaocheka. Katika onyesho moja Ike anamlazimisha mkewe kula keki mgahawani mbele ya watu. Onyesho hilo la udhalilishaji limegeuzwa utani, na mwaka 2013 Jay-Z aliligusia katika wimbo wa Beyoncé, "Drunk in Love", jambo lililozua malalamiko. Kicheko nacho ni uhakiki, tena uhakiki mbovu, kwa sababu humtoa mtu ndani ya maumivu akabaki kibonzo.

Je, mhakiki asimame wapi? Kwa maoni yetu, aanze kwa kutenganisha mtu na mhusika. Filamu hii inatokana na tawasifu, yaani inatazama kwa jicho la nafsi ya kwanza hata pale isiposema "mimi". Tena ina ubunifu ndani yake: Jackie, rafiki anayemwingiza Tina katika imani ya Kibudha, ni mhusika aliyebuniwa. Ajabu ni kwamba mwishoni Bassett anaondoka jukwaani na Tina halisi anaingia kuimba. Mbinu hiyo ni kama mhuri: inathibitisha yote yaliyotangulia, ya kweli na ya kubuni, bila kuyabagua. Mwanafunzi akiuona mhuri huo kuwa ni mbinu, amekwisha kuwa mhakiki.

Pili, achunguze maneno yake mwenyewe. Tulipoijadili filamu hii na wanafunzi wetu, tulibaini kwamba kitenzi humsaliti msemaji kabla hajatoa hoja. Mmoja husema Ike "alimpiga" mkewe, mwingine husema "alimrudi", na hilo la pili tayari limemfanya Tina mtoto mwenye kosa. Mmoja husema "alitoroka", kama mfungwa, mwingine, "alijiokoa". Ni wachache mno waliosema "alimwacha mumewe", kwa sababu katika mazoea ya lugha mume ndiye aachaye na mke ndiye aachwaye. Ni hivyo pia kwa kuoa na kuolewa, na wenzetu wanaozungumza Kiganda wanalijua hili nyumbani: mwanamume awasa, mwanamke afumbirwa. Sarufi hiyo hatuwezi kuifuta darasani kwa siku moja. Tunaweza, hata hivyo, kumuuliza mwanafunzi kwa nini amechagua kitenzi hiki akakiacha kile.

Tatu, amkumbuke mwenye maisha. Talaka ilipokamilika mwaka 1978, alichoking'ang'ania Tina ni jina lake la jukwaani, jina alilopewa na mtu aliyekuwa akimkimbia. Mwaka 1993, kwenye tamasha la filamu la Venice, alieleza kwamba hakuwa ameitazama filamu hiyo wala hakuwa na hamu ya kuyaishi tena mambo yale. Filamu ya hali halisi ya mwaka 2021, iitwayo Tina, inaonyesha jinsi alivyoendelea kuulizwa habari za Ike, hata alipokuwa na mafanikio makubwa kuliko yale ya ndoa hiyo. Hapo ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa filamu ya 1993, na ni udhaifu ambao hauko katika onyesho lolote moja: ilimtoa mwanamke katika ndoa, kisha ikamrudisha humo kila ilipoonyeshwa.

Tunawashauri walimu wenzetu waitumie filamu hii katika somo la uhakiki, lakini wasiulize "nani alikosea?" Swali hilo hugeuza darasa kuwa baraza la usuluhishi. Waulize: nani anasimulia, kwa maneno gani, na nani amenyimwa neno? Mwanafunzi anayeweza kujibu hayo kuhusu Ike na Tina ataweza kuyajibu pia kuhusu ndoa ya jirani, pale atakapoitwa ukumbini kutoa kauli.