Kuumba, Kuumbua, Kuumbuka: Kauli za Kitenzi katika Masimulizi ya Uumbaji, Dhambi na Ukombozi

Mjadala kuhusu lugha ya Biblia za Kiswahili umekaa muda mrefu mno kwenye nomino. Tangu Karl Roehl, mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi Usambara, atoe Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, swali linaloulizwa zaidi ni neno fulani limetoka wapi. Roehl alitaka kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake. Waliomkosoa walimjibu kwa hoja za aina hiyohiyo: kwamba maneno aliyoyaondoa yalikwisha kuwa ya Kiswahili, na kwamba msomaji wa pwani aliyaona yale mapya kuwa ya kigeni kuliko yale ya zamani. Biblia ya Union Version ya mwaka 1952, iliyounganisha mapokeo ya tafsiri za Unguja na Mombasa, ndiyo iliyoenea zaidi, na kwa wengi huo ukawa mwisho wa shauri.

Makala haya yanashikilia kwamba shauri hilo lilifunguliwa mahali pasipo pake. Masimulizi ya sura tatu za kwanza za Mwanzo, pamoja na mafundisho ya Kikristo kuhusu dhambi na ukombozi yaliyojengwa juu yake, hayategemei nomino kwa kiasi kikubwa. Yanategemea swali la nani alimtenda nani nini. Katika Kiswahili swali hilo hujibiwa, au hukwepwa, kwa mnyambuliko wa kitenzi. Inafaa kukumbuka kwamba sura hizo tatu zina umri mkubwa katika maandishi yetu: Johann Ludwig Krapf alianza kuzitafsiri Mombasa mwaka 1844, na zilichapwa Marekani katika jarida la American Oriental Society katika muongo huohuo. Yaani miongoni mwa matini za mwanzo kabisa za Kiswahili kupigwa chapa ni kisa cha kuumbwa na kukosa kwa binadamu.

Tuanze na -umba. Mzizi huu ni wa kale, na wanaisimu wa Kibantu huuhusisha na kazi ya udongo. Kiganda kina kubumba kwa maana ya kufinyanga chungu. Kikuyu kinao mzizi uleule, na jina la Mũmbi, mama wa taifa hilo katika masimulizi ya asili, ni la mwenye kuumba. Katika Kiswahili cha leo kitenzi hiki kimejitenga na udongo, lakini hakijausahau: umbo ni sura inayoonekana na kushikika, na maumbile ni jinsi kitu kilivyotoka mkononi mwa aliyekiumba. Sasa tazama wafasiri walivyokitumia. Katika aya ya kwanza ya Mwanzo Kiebrania kina bara, kitenzi ambacho katika kauli yake ya msingi mtenda wake ni Mungu peke yake, na ambacho hakitajiwi malighafi. Hapo Union Version inaweka -umba, kitenzi cha mfinyanzi. Katika 2:7, ambapo mtu anatengenezwa kwa mavumbi, Kiebrania kinabadilisha kitenzi na kuleta yatsar, ambacho ndicho cha mfinyanzi hasa. Hapo Union Version inaweka -fanya. Mwanamke naye, ambaye katika Kiebrania anajengwa kutokana na ubavu, anapewa -fanya hiyohiyo.

Kwa hiyo Biblia inayosomwa zaidi ina mfinyanzi pale pasipo na udongo, na pale penye udongo mfinyanzi ameondoka. Siliiti hili kosa la tafsiri. -Umba ilikuwa imekwisha kupanda daraja kuwa kitenzi cha Mungu, na pengine mfasiri aliona hafai kukirudisha chini kwenye mavumbi. Lakini hasara ipo, na ni ya kifasihi kabla ya kuwa ya kiteolojia. Msomaji wa Yeremia, nabii anaposhuka kwenye nyumba ya mfinyanzi na kuona chombo kikiharibika na kufanywa upya, hapewi kitenzi cha kumrudisha kwenye bustani ya Edeni. Kiebrania kinampa: jina la mfinyanzi katika Yeremia linatokana na yatsar. Kiswahili kilikuwa na uzi huo, nao ukaachwa ukatike.

Kuhusu dhambi nitasema machache, kwa kuwa yamesemwa mengi. Roehl alipendelea makosa, na hoja yake ni nzuri kuliko sababu iliyomfikisha kwayo. -Kosa ni kutopata, kama mtu anavyokosa shabaha, na picha hiyo hiyo imo katika hamartia ya Kiyunani na katika kitenzi cha Kiebrania ambacho Waamuzi 20 inakitumia kwa watupa mawe wasiokosa hata unywele. Tatizo ni la ngeli. Makosa ni wingi unaohesabika: kosa la kwanza, la pili, la tatu. Dhambi inaweza kusimama katika umoja usiohesabika, ikawa hali au hata nguvu inayotawala, kama Paulo anavyoizungumzia katika Waraka kwa Warumi, na upatanisho wa kisarufi wa dhambi ya na dhambi za unatosha kutenganisha hali hiyo na matendo yake. Katika Yohana 1:29 Kiyunani kina umoja, na Union Version inaufuata. Ukiweka makosa hapo, fundisho zima linageuka kuwa orodha. Asili ya Kiarabu ya neno dhambi haikuhusika hata kidogo. Kinachohusika kweli kutokana na asili hiyo ni jambo jingine: Mwislamu na Mkristo wa pwani wanalitumia neno moja, ilhali kwa Mwislamu kosa la Adamu lilisamehewa na halikurithiwa. Neno ni lilelile na mafundisho ni mawili, na hakuna kamusi itakayoliamua hilo.

Mahali penye utajiri hasa ni sura ya tatu. Kiswahili kina jozi za vitenzi ambazo upande mmoja huishia kwa -ua au -oa na mwingine kwa -uka au -oka: zibua na zibuka, bomoa na bomoka. Upande wa kwanza una mtenda anayetengua hali fulani. Upande wa pili ni kauli ya kutendeka. Jambo limetokea, na sarufi haina nafasi ya kumtaja aliyelitenda. Tunasema mlango umefunguliwa na Juma, lakini hatusemi umefunguka na Juma. Sasa hesabu jozi za namna hii zinazokizunguka kisa cha Edeni. Macho yanafumbuliwa. Uchi unaonekana, na watu wanaumbuka. Wanateolojia wanakiita kisa chote anguko, neno ambalo halimo katika sura yenyewe, nalo linatokana na -anguka, mwenzake -angua, kitenzi tunachokitumia kila siku kwa maembe na nazi. Aliyeangua ndiye aliyeanguka. Hakuna mfasiri aliyekusudia mchezo huu wa maneno, na sidai kwamba Kiebrania kinao. Nasema tu kwamba lugha yetu ilikuwa imeuweka tayari.

Jozi ya -umbua na -umbuka ndiyo inayostahili kukaliwa. Kwa umbo lake, -umbua ni utenguzi wa -umba: ni kuharibu umbo la kitu. Kwa matumizi, ni kumtoa mtu aibu yake hadharani. Maana hizi mbili hazikukutana kwa nasibu. Msemaji wa Kiswahili anaelewa kwamba kufichuliwa kwa namna fulani ni kuumbwa kinyumenyume, ni kunyang'anywa sura uliyokuwa nayo mbele ya watu. Sidhani kama ipo fasiri fupi ya Mwanzo 3 iliyo bora kuliko hii. Ipo pia katika methali: mficha maradhi kifo humuumbua. Ndani ya maneno manne hayo mna kujificha, mna kifo, na mna kutenguliwa kwa umbo, mambo yaleyale matatu yanayoujaza mwisho wa kisa cha Edeni. Hata hivyo hakuna tafsiri kuu iliyokipa kitenzi hiki nafasi katika sura hiyo. Huenda kilionekana kuwa cha mtaani, cha magomvi ya majirani. Lakini sura yenyewe ni ya magomvi ya nyumbani: mume anamsukumia mke, mke anamsukumia nyoka.

Hapa ndipo kauli ya kitenzi inapobeba uzito. Mwanzo 3 ni sura ya kumtafuta mtenda. Maswali ya Mungu yote yanadai kiima: uko wapi, nani alikuambia, je, umekula, ni nini hili ulilofanya. Majibu yote yanahamisha kiima hicho kwa mwingine. Katika mazingira hayo uchaguzi kati ya -fumbuliwa na -fumbuka si wa mapambo. Umbo la kitenzi cha Kiebrania katika 3:7 linaruhusu kusomeka kwa njia zote mbili. Union Version imechagua kauli ya kutendwa bila kumtaja mtenda, na ninaona imechagua vyema. Kutendeka kungelifanya tukio kuwa kama kuchomoza kwa jua, jambo linalojitokea. Kutendwa kunaacha kiti kitupu, na msomaji anabaki akiuliza ni nani aliyeyafumbua macho hayo: nyoka aliyeahidi, tunda lenyewe, au Mungu? Nyoka naye alikuwa ametumia kauli hiyohiyo katika ahadi yake, bila kumtaja mtenda. Ni ufundi wa mdanganyifu, na tafsiri imeuhifadhi.

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), inaweza kusomwa kwa mwanga huu. Imezoeleka kuihakiki kama riwaya ya malezi: baba mkali, binti aliyefungiwa, kisha uhuru wa ghafla na uharibifu. Hayo ni kweli. Lakini katika Kiswahili cha kila siku binti wa namna hiyo husemwa kuwa ameharibika. Ni kauli ya kutendeka, na jamii nzima inapata pa kujificha nyuma ya kiambishi kimoja. Baba hayumo, mwalimu hayumo, wanaume hawamo. Kezilahabi hakuridhika kumaliza riwaya kwa kifo cha Rosa. Anampeleka yeye na baba yake mbele ya Mungu, na huko swali linakuwa ni nani aliyeharibu. Wahakiki wengine wameiona sehemu hiyo kuwa nyongeza isiyoshikamana na uhalisia wa sura zilizotangulia. Kwangu ndiyo inayotoa hoja ya kitabu: kuharibika kunalazimishwa kugeuka kuharibiwa, na pamoja na hilo jina la Rosa, lililochukuliwa kutoka litania ya Bikira Maria, linarudishiwa uchungu wake. Mwandishi aliyekulia katika Ukatoliki alijua kwamba mahakama ya Mwanzo 3 haipokei kauli ya kutendeka.

Inabaki upande wa tumaini, na hapa sarufi inatuletea shida kinyume. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Kenya na Tanganyika uliimarisha katika Kiswahili cha makanisa kauli ya nimeokoka. Ni jozi ileile: okoa, okoka. Fundisho la neema linasisitiza kwamba mtu hajiokoi, na kwa hiyo lingetazamiwa kudai nimeokolewa, kauli inayoweza kumtaja aliyeokoa. Badala yake umechaguliwa ushuhuda ambao kisarufi hauna mtenda. Wapo wanaoona hapo majivuno yaliyojificha, na katika vinywa vya baadhi ya wasemaji hawakosei, maana kuokoka kumekuwa sifa ya mtu kama urefu au elimu. Lakini ni haki kuongeza kwamba ushuhuda wa uamsho hausemwi kwa sentensi moja. Unaanza kwa kumsifu Yesu na unaishia kwa kumsifu, na mtenda aliyekosekana ndani ya kitenzi amewekwa pande zote mbili za kitenzi.

-Komboa limepita njia ndefu zaidi. Unguja ya miaka ya 1870 halikuwa neno la mfano. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na hapohapo kanisa kuu la Kianglikana likajengwa chini ya Edward Steere, yeye mwenyewe mfasiri wa Biblia. Bagamoyo, mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wakinunua watumwa ili kuwaacha huru. Msikilizaji wa siku zile aliposikia ukombozi alisikia bei. Palikuwa na fedha, palikuwa na aliyelipa, na palikuwa na aliyepokea. Mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliweka makao yake Dar es Salaam, na kizazi kilichofuata kikajifunza neno hilo kutoka redioni. Ukombozi huo haukumlipa mkoloni kitu, na haukupaswa. Ulileta pia jozi yake, nchi imekomboka, bila mtenda na bila bei. Fidia nayo, iliyokuwa ya kumtoa mfungwa, leo kwa wengi ni malipo anayopewa mtu ambaye shamba lake limepitiwa na barabara.

Msomaji wa sasa wa Waefeso anakutana basi na ukombozi kwa damu, na nusu moja ya maneno hayo haimwelezi tena nusu nyingine. Kamati za marekebisho ya tafsiri zinapokutana hujadili kama neno ni gumu au jepesi. Ukombozi ni jepesi, kila mtoto wa shule analijua, na kwa sababu hiyo linapita bila kuguswa. Tanbihi ya mstari mmoja ikieleza kwamba hapa pana mtu aliyenunuliwa, pamoja na kitenzi cha kutendwa mahali pa nomino pale sintaksia inaporuhusu, ingetosha kurudisha bei ndani ya sentensi. Tumekombolewa kwa ni muundo unaodai kukamilishwa. Tunao ukombozi haudai.